Mchicha Juu ya Saruji: Kulima Kwenye Vyombo Katika Ua wa Nyumba ya Kupanga

Ua wetu una upana wa hatua nne na urefu wa hatua saba, na unatumiwa na familia tano. Humo mna karo la kufulia, kamba za nguo, majiko matatu ya mkaa, bodaboda inayoingizwa ndani usiku, na kuku wa jirani wasiojua mpaka. Sakafu yote ni saruji. Miaka mingi niliamini kwamba mtu wa hali hii hana kilimo. Ananunua fungu gengeni, basi. Leo nina viroba viwili, ndoo sita, pipa nusu na mabeseni mawili yaliyotoboka, na mara tatu au nne kwa wiki mboga ya jioni naichuma sufuria ikiwa tayari jikoni.

Huku pwani si jambo geni. Mabibi zetu walikuza mrehani na asumini kwenye makopo ya maziwa na vyungu vilivyovunjika shingo, pembeni mwa ua, ili maua ya kikuba yasikosekane siku ya shughuli. Ila mrehani huvumilia kusahauliwa siku mbili, mchicha hauvumilii, na hapo ndipo wengi tunapokwama.

Mimi nilianza vibaya. Niliona picha za chupa za maji za lita moja na nusu zimetundikwa ukutani kwa kamba, kila chupa na mche wake, nikatamani. Nikatundika kumi na nane kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana, mwezi wa Januari, hapa Dar es Salaam. Namwagilia alfajiri, ikifika saa sita udongo umekuwa unga. Narudi jioni, majani yamelala. Wiki mbili baadaye nilikuwa na chupa kumi na nane za vumbi. Mbegu hazikuwa na kosa. Chupa ile inabeba udongo wa lita moja tu, na lita moja ya udongo haiwezi kushika maji ya kumfikisha mmea jioni wakati wa kaskazi. Tangu hapo nina msimamo mmoja ambao utauona kila mahali humu: vyombo vichache vikubwa, si vingi vidogo. Na chombo hakitangulii. Kwanza jua, pili maji, ndipo chombo.

Hatua ya 1: Shinda nyumbani siku moja na chaki

Chagua siku usiyokwenda kazini. Saa mbili asubuhi, chora kwa chaki sakafuni pale jua lilipoishia. Rudia saa tano, saa nane na saa kumi. Jioni utaona wazi sehemu ipi inapata jua muda mrefu na ipi inapata la kuibia.

Panapopata jua kwa muda wa saa sita au zaidi, weka mimea ya matunda: nyanya, pilipili, biringanya, bamia, nyanya chungu. Panapopata kama nusu ya hapo, weka mboga za majani. Penye kivuli kingi usilazimishe. Weka mnanaa, kotmiri au tangawizi.

Kuna jambo moja ambalo watu hulisahau. Dar es Salaam iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana mwezi wa Juni liko upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba liko kusini yetu. Ukuta ulio upande wa kaskazini wa ua ndio unaotia kivuli wakati wa baridi; ulio upande wa kusini hutia kivuli wakati wa joto. Chaki uliyochora Juni haina maana Desemba. Mwenye shamba hawezi kufanya lolote, ila wewe ndoo yako unaisogeza tu.

Hatua ya 2: Hesabu maji kabla ya kununua mbegu

Ndoo ya lita 20 yenye mnyanya uliokomaa hunywa lita moja hadi mbili kwa siku wakati wa joto. Kiroba kilichojaa mboga, kwangu, kinachukua kama lita tano. Jumlisha vyombo unavyovitaka uone. Bustani yangu yote ni kama ndoo moja na nusu kwa siku mwezi wa Januari, na karibu nusu ya hapo Juni. Kama maji unayanunua kwa ndoo, anza na vyombo viwili tu, uone mfuko unasemaje.

Kabla ya maji safi, tumia yaliyokwisha kufanya kazi. Maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kulowekea maharage, yote yanakwenda bustanini yakiwa yamepoa. Maji yenye sabuni ya unga usiyamwage: yana sodiamu, na sodiamu huugandisha udongo na kuunguza mizizi.

Sehemu nyingi za Dar tunatumia visima, na visima vingi vina chumvi. Utaitambua kwa kingo za majani zilizoungua kama zimepitishwa motoni, na utando mweupe juu ya udongo. Mtu akiona hivyo hupunguza maji, kumbe anazidisha ugonjwa. Ukimwagilia kidogo kidogo, maji hukauka na chumvi inabaki. Mwagilia mpaka maji yatiririke chini ya chombo, ili chumvi itoke nayo. Mwaga kwenye udongo, usiloweshe majani. Masika yakianza, toa vyombo vyote chini ya paa, mvua ivisafishe. Mvua kubwa mbili tatu zinafanya kazi ambayo ndoo zako haziwezi. Na panda kinachovumilia: spinachi na mchicha hustahimili chumvi kiasi. Maharage, vitunguu na karoti hawana subira hiyo.

Hatua ya 3: Chagua chombo, kitoboe vizuri

Kipimo changu ni hiki. Lita tano zinatosha kotmiri, mnanaa au vitunguu vya majani. Lita kumi ni za mche mmoja wa pilipili. Lita 20 ni za mnyanya mmoja, mbiringanya mmoja, au bamia mbili. Mchicha haujali ujazo sana, unataka upana. Kina cha shibiri moja kinautosha.

Tumia vyombo vilivyobeba chakula: ndoo za mafuta ya kula, madumu ya juisi, mapipa ya achari. Mama lishe na wenye migahawa huwa nazo, nenda kaulizie. Kilichobeba dawa ya wadudu, oili ya gari, maji ya betri au rangi ya mafuta kiache, hata ukikisugua mpaka king'ae. Chombo cheusi kwenye jua la Dar huipika mizizi. Kipake chokaa kwa nje au kivalishe kipande cha kiroba cheupe.

Kutoboa, pasha msumari mkubwa kwenye jiko la mkaa, ushike kwa koleo, fanya nje penye hewa kwa sababu ule moshi wa plastiki ni mbaya. Matundu matano au sita kwenye kitako, unene wa kidole kidogo. Kisha mengine matatu ubavuni, upana wa vidole viwili kutoka chini. Haya ya ubavuni ndiyo muhimu kwetu, kwa sababu kitako kikikaa juu ya saruji laini hujiziba chenyewe. Inua chombo juu ya vipande vya tofali.

Utaambiwa uweke kokoto chini ili maji yapite. Usiweke. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo kokoto zinakupunguzia udongo na kulisogeza tope karibu na mizizi. Ziba matundu kwa kipande cha wavu wa dirisha udongo usitoroke, inatosha.

Kama unakaa ghorofani, pima uzito kwanza. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa inakaribia kilo 30, kiroba kinapita kilo 100. Vizito vipange kando ya ukuta wa nyumba, si kwenye ukingo wa nje wa veranda, na kiroba kiache kabisa.

Hatua ya 4: Mitindo mitano iliyonifaa

*Kiroba chenye moyo wa mawe.* Huu ndio mfalme. Kibera, Nairobi, bustani za magunia zilienea sana kuanzia mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, na mpaka leo ukipita vichochoroni utaona sukuma wiki imetoka mbavuni mwa magunia. Siri yake iko katikati.

Chukua kiroba cha salfeti cha kilo 50, kizima. Kunja mdomo wake nje mara mbili ili usimame. Kiweke pale kitakapoishi, kwa sababu kikijaa hakihamishiki. Tia udongo kina cha shibiri moja. Chukua kopo kubwa la chuma au kipande cha bomba nene, lisilo na kitako wala kifuniko, lisimamishe katikati, ulijaze mawe ya ukubwa wa limao. Zunguka nje ya kopo kwa udongo, ushindilie kidogo kwa mkono. Udongo ukifika mdomoni mwa kopo, livute juu taratibu. Mawe yanabaki, kopo linatoka. Jaza tena mawe, zungushia udongo, vuta. Endelea mpaka ubakize nafasi ya kiganja juu. Umepata mnara wa mawe katikati ya kiroba, na maji ukiyamimina juu ya mawe yanashuka na kusambaa pande zote mpaka chini. (Kokoto nilizozikataa kwenye ndoo ni zile za kulala kitakoni. Hizi zimesimama, zinafanya kazi ya bomba.)

Acha kiroba siku mbili udongo ukae, ukimwagilia. Kisha kata mbavuni mikato midogo yenye umbo la V, umbali wa shibiri moja kila upande, mstari wa juu na wa chini ipishane kama matofali. Penyeza kidole, ingiza mche ukiulaza kidogo, sukuma udongo. Kiroba kimoja kitachukua mashimo kumi na tano mbavuni na miche mitano juu. Mbavuni weka matembele na spinachi. Kati ya ile mitano ya juu, mmoja uwe mkubwa, pilipili au nyanya chungu. Kigeuze kwa mawazo kabla hujakijaza: upande unaotazama ukuta haupati jua, usipoteze miche huko.

Salfeti huchakazwa na jua. Baada ya msimu mmoja au miwili itaanza kuachia nyuzi, na siku moja utakuta tumbo limepasuka. Kivalishe kiroba cha pili kwa nje kabla ya siku hiyo.

*Ndoo mbili zenye ghala la maji.* Hii ni kwa anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku. Tafuta ndoo mbili za aina moja. Ya ndani itobolewe matundu madogo kitakoni, na katikati tundu kubwa la kupitisha kikombe cha mtindi. Kikombe kitoboe pande zote, kijaze udongo, kipenyeze kwenye tundu kining'inie chini. Hicho ndicho kitakachonyonya maji na kuyapandisha. Ndoo hiyo iingize ndani ya ya pili, ukiweka vipande viwili vya tofali chini pabaki nafasi ya vidole vinne. Pitisha kipande cha bomba la nusu inchi kutoka juu mpaka ghalani, cha kumiminia maji. Mwisho toboa ndoo ya nje ubavuni, chini kidogo ya kitako cha ndoo ya ndani, ili maji yakizidi yatoke na mizizi isizame. Funga mdomo wa bomba kwa kitambaa na tundu la ubavuni kwa wavu laini, kwa sababu nitakazozieleza nikifika kwa mbu.

Nyanya zangu zilikuwa zinapata doa jeusi kitakoni. Nilipuliza dawa mbili, pesa ikapotea bure. Lile doa si ugonjwa wala mdudu, ni kalisi kutofika kwenye tunda, na hutokea mara nyingi maji yanapokatika na kurudi, leo kiangazi kesho mafuriko. Tangu nihamishie mnyanya kwenye ndoo mbili, doa limekwisha.

*Mtungi uliozikwa.* Kwenye pipa nusu au karai kubwa, zika katikati mtungi mdogo wa udongo usiopakwa rangi, mdomo ubaki juu. Ujaze maji, ufunike kwa kigae. Mtungi unatoa jasho polepole, mizizi inaufuata. Mimi naujaza kila baada ya siku mbili. Kama mtungi wako una ufa usiovuja sana, ndiyo kazi yake hii.

*Dumu lililolala.* Dumu la lita 20, lilaze, kata dirisha refu ubavu wa juu, toboa ubavu wa chini. Kwa vitunguu vya majani na kotmiri. Halina maelezo mengi.

*Pakacha.* Lile la makuti la kubebea matunda. Weka ndani kipande cha kiroba kilichotobolewa, tia udongo, panda. Linaoza ndani ya msimu mmoja, na likioza unalitupa kwenye mboji. Ni chombo cha bei ndogo kuliko vyote, na kwa macho yangu ndicho kizuri kuliko vyote.

Matairi mtayaona kila mahali yamepakwa rangi za kung'aa. Mimi siyataki, tutafika huko pia.

Hatua ya 5: Changanya udongo

Mchanga wa Dar peke yake haushiki maji wala chakula, na udongo wa mfinyanzi peke yake kwenye ndoo unakuwa tofali. Nunua udongo mweusi kwa wauza maua wa barabarani, kisha changanya: sehemu mbili udongo mweusi, moja samadi ya ng'ombe iliyooza, moja makapi ya mpunga kutoka mashine ya kukoboa. Pima kwa debe au kopo lolote, mradi liwe lilelile. Lowesha, finyanga konzi moja. Likibaki donge na kusambaratika ukiligusa kwa kidole, liko tayari. Likitoa maji, ongeza makapi. Likikataa kushikana kabisa, ongeza samadi.

Samadi iwe imepoa, haina harufu kali, na huwezi kutambua kinyesi. Ya kuku ni kali zaidi: iache ikae miezi miwili au mitatu imefunikwa, ikiwa na unyevu, na hata hapo tumia nusu ya kiasi cha ya ng'ombe. Mbichi huunguza mche kama maji ya moto.

Badala ya makapi unaweza kutumia makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, yanashika maji vizuri mno. Ila uliza yametoka wapi. Wanaosuka kamba za usumba Unguja huyafukia makumbi ufukweni kwa miezi kadhaa, na hayo yamejaa chumvi ya bahari. Yaloweke na kumwaga maji mara tatu au zaidi kabla ya kuyatumia. Machicha ya nazi nayo usiyaweke moja kwa moja. Siku ya pili utakuwa umewaita sisimizi wa mtaa mzima.

Hatua ya 6: Panda kwa mpangilio wa sufuria

Namaanisha panda kile mnachokula kwa wingi, kisha pishanisha tarehe. Ndiyo maana nina mabeseni mawili ya mchicha, sio moja kubwa. La kwanza nikilipanda leo, la pili nalipanda baada ya siku kumi na nne.

Mbegu za mchicha ni ndogo kama vumbi. Chukua nusu ya kizibo cha soda, changanya na konzi ya mchanga mkavu, nyunyiza. Juu yake weka samadi laini kama chumvi juu ya chapati, funika kwa kipande cha kiroba. Siku ya tatu hadi ya tano zikichungulia, funua siku hiyohiyo. Siku ya kumi punguza zilizosongamana, na hizo usizitupe, zinaingia kwenye dagaa. Kati ya wiki ya tatu na ya nne vuna kwa kung'oa, tia samadi kidogo, panda tena. Kuna wanaokata na kuacha shina lichipue. Mimi naona mchipuo wa pili huwa mgumu na unakimbilia maua.

Matembele ndiyo mboga ya mvivu, nami sioni haya. Omba marando ya viazi vitamu kwa mwenye shamba, urefu wa shibiri moja na nusu, toa majani ya chini, fukia pingili mbili au tatu. Kivuli kwa siku tatu. Baada ya mwezi na kidogo unachuma ncha, na kadiri unavyochuma ndivyo yanavyotoa matawi. Kiroba changu cha kwanza kina mwaka wa pili sijakipanda upya.

Nyanya usizianze masika yakiwa yamekolea. Unyevu huleta ukungu wa majani na huna ubavu wa kupambana nao. Sia mbegu masika yakielekea kuisha, mwishoni mwa Aprili au Mei, hamishia miche kwenye ndoo Juni, utavuna kuanzia Agosti hivi. Tafuta aina fupi kama Cal-J au Tanya, zisizohitaji mti mrefu. Zika shina mpaka karibu na majani ya kwanza, litatoa mizizi ya ziada. Maua yakifunguka, gonga shina kwa kidole asubuhi ili unga wa maua uanguke. Uani nyuki ni wachache.

Bamia, mbegu mbili kwa ndoo, miezi miwili unachuma, na chuma kila baada ya siku mbili, la sivyo zinakuwa kamba. Pilipili mbuzi ukiitunza itakuzalia zaidi ya mwaka. Vitunguu vya majani havihitaji mbegu: vya gengeni, kata juu, chomeka kitako chenye mizizi kwenye udongo.

Anayesoma haya yuko Arusha, Mbeya au Nairobi ageuze hesabu. Kwenu sukuma wiki, chainizi na karoti ndizo zenye nchi, na matembele yatawachelewesha. Huku kwetu sukuma wiki inaishi, lakini inaishi ikinung'unika.

Hatua ya 7: Lisha

Kila maji yanayotoka chini ya ndoo yameondoka na chakula kidogo. Majani ya chini yakianza kuwa njano huku ya juu ni mazima, mmea una njaa. Tia samadi kwenye soksi kuukuu au kipande cha kiroba, funga, loweka kwenye ndoo yenye kifuniko kwa wiki moja, ukiikoroga kila siku. Ongeza maji mpaka rangi iwe ya chai ya rangi nyepesi. Mwaga kwenye udongo kila baada ya wiki mbili, kamwe si juu ya majani mtakayokula, na mboga ioshwe vizuri kabla ya kupikwa. Fanya kazi hii jioni, majirani wakiwa wameshakula.

Hatua ya 8: Kuku, wadudu na mbu

Kuku mmoja anamaliza beseni la mchicha kwa dakika tano. Nilijaribu miiba, nilijaribu kufukuza, nilijaribu kusema na mwenye kuku kwa upole. Kilichofaa ni wavu wa plastiki uliokunjwa kama paa juu ya fito nne, na kuinua mabeseni juu ya kreti za soda. Mambo ya kusema kwa upole niliyaacha, na ujirani umebaki salama.

Vidukari na inzi weupe wanakaa chini ya jani. Geuza jani kila unapomwagilia. Wakiwa wachache, wasugue kwa kidole. Wakizidi, tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo kali kwenye lita moja ya maji, puliza jioni upande wa chini wa majani, asubuhi suuza. Dawa nyingine iko juu ya mti: twanga kilo moja ya majani ya mwarobaini, loweka kwenye lita tano za maji usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo ishike. Puliza kila wiki, na itumie siku hiyohiyo. Nyanya zikiwa na michoro myeupe kama ramani kwenye majani na vitobo kwenye tunda, huyo ni kantangaze, kiwavi wa nondo mdogo; chuma majani na matunda yote yaliyoguswa, funga kwenye mfuko wa plastiki, uache juani siku kadhaa kabla ya kutupa. Ukiyatupa kwenye mboji umemfuga.

Sasa mbu. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa dengue mwaka 2014, tena 2019. Mbu anayeeneza dengue huuma mchana na hutaga kwenye maji machache yaliyotuama kwenye vyombo: sahani ya chini ya ndoo, kopo la kumwagilia lililosahauliwa, tumbo la tairi. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni wiki moja hivi kwenye joto letu. Ndiyo sababu ya kitambaa na wavu kwenye ndoo mbili, ya kigae juu ya mtungi, na ya mimi kuyakataa matairi. Sahani za chini situmii kabisa. Kila Ijumaa asubuhi nazunguka bustani kwa dakika kumi nikimwaga chochote kinachoshika maji, hata kwenye kwapa za madumu. Mpangaji mwenzako akiumwa homa, hata kama mbu alitoka mtaroni, vidole vitaelekea kwenye ndoo zako.

Na kwa kuwa tumewataja: mwambie mwenye nyumba kabla ya kuleta kiroba cha kwanza, usizibe njia ya karo, na usiweke chombo chini ya kamba za nguo za watu. Mavuno ya kwanza niligawa mafungu manne, moja kila mlango. Wiki iliyofuata maji ya kuoshea mchele ya nyumba nzima yalianza kuletwa kwenye pipa langu bila mimi kuomba.

Siku ya kuhama

Mpangaji huhama, na bustani hii inahama naye. Siku moja kabla, usimwagilie. Udongo mkavu ni mwepesi. Chuma majani yote makubwa ili mmea usipoteze maji njiani. Funga minyanya na pilipili kwenye vijiti vyake, panga ndoo kwenye guta zikibanana, funika kwa shuka lililoloweshwa zisichapwe na upepo. Kiroba hakibebeki. Kipasue, udongo utie kwenye ndoo na mifuko, mawe ya katikati yaoshe na kuyahifadhi maana ya kununua ni shida. Marando kata vipande, vifunge kwenye kanga iliyoloa, weka penye kivuli. Yatakaa siku tatu bila wasiwasi, ila ukifika yapande kabla hujafungua masanduku.